Maneno Arobaini ya Furaha

Ilemela, Mwanza
Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwa dada yangu Hellen, Bujora.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui sana na hizi baridi za asubuhi. Vipi mpunga, umeshaanikwa wote? Najua huko ngoma zimeshaanza na wageni wamejaa, na wewe kwa jinsi ninavyokujua umeshaahidi kuwapikia nusu yao. Mimi huku ni mzima wa mwili. Chakula nakula, nguo nafua, na majirani wananisalimia kama kawaida. Usingizi tu ndio umenikimbia, leo siku ya nane.

Usishangae kuona barua katika zama hizi ukasema Antoni ameanza makeke. Simu ninayo na salio lipo. Lakini simu yako anaishika binti yako Evelina, na kila ujumbe unaoingia anakusomea yeye. Haya ninayoandika nataka uyasome kwanza wewe, kwa macho yako, polepole kama unavyosoma Biblia, tena ukiwa peke yako. Barua hii nampa Mwalimu Jonathan, jirani yangu anayefundisha hapa na kwenda kwake Kisesa kila mwisho wa wiki. Nimemsihi akukabidhi mkononi, na akikukosa akusubiri. Ukimaliza kuisoma, mwite Evelina umsomee yote bila kuruka hata mstari unaonichafua. Iwe kabla ya Jumatatu alfajiri. Dada, nakuomba kwa yote uliyonifanyia tangu mama alipotuacha, Evelina asipande lile basi la Dar es Salaam kabla hajayasikia haya.

Sasa kaa chini nikueleze.

Unakumbuka nilivyokuja Januari na kilo mbili za sangara na meno nje, nikakwambia nimepata kazi. Ilikuwa kweli. Bwana Masele alikuwa amefungua ofisi ya wakala wa ajira, ghorofa ya pili, huku Nyamagana, na alikuwa anatafuta mtu anayejua Kiingereza na Kituruki kwa pamoja. Ni nani Mwanza hii ana lugha hizo mbili kichwani zaidi ya mdogo wako? Ile miaka minne niliyokaa Konya, kule Uturuki, nilikokwenda baada ya wewe kumuuza fahali wetu, nikarudi bila shahada na watu wakanisengenya, hatimaye ilikuwa imepata kazi ya kufanya. Masele ni mtu wa maneno laini. Alinipa kiti kabla hajaniuliza jina, akaniita Mwalimu tangu siku ile ya kwanza.

Alinieleza kwamba kuna hoteli kubwa ya ufukweni kule Uturuki inahitaji wasichana wa kufua na kupiga pasi mashuka na kutandika vyumba. Wageni wa hoteli wanazungumza Kiingereza, wasimamizi wanazungumza Kituruki, kwa hiyo binti lazima aonje lugha zote mbili. Muda ulikuwa wiki tano tu. Akasema wenye hoteli wameshapata wafanyakazi wa kila taifa na wamechoshwa na nyuso za huzuni. Wanachotaka ni watu wenye furaha na wanaojua kuisema. Kwa hiyo nifundishe furaha. Mengine wangejifunzia hukohuko.

Sikuona ubaya wowote, na nitakuwa muongo nikisema niliona. Niliona raha. Nilichukua karatasi kubwa ya manila nikachora safu tatu, Kiswahili, Kiingereza na Kituruki, nikajaza maneno arobaini ya furaha kwa kalamu nyekundu. Nina furaha: I am happy: mutluyum. Nimeridhika sana: I am delighted: çok memnunum. Nilitafuta mpaka yale ya mbali ambayo hata Konya niliyasikia kwa nadra. Niliwafundisha kwamba Mwingereza akizidiwa na furaha anasema yuko juu ya mwezi, na wasichana wakauliza kama huko juu kuna choo. Niliwafundisha kwamba Mturuki akifurahi kupita kiasi anasema içim içime sığmıyor, yaani ndani yangu hapanitoshi mimi mwenyewe. Hapo Raya aliinuka, akashika tumbo, akasema huyo Mturuki bila shaka ametoka kula ugali wa mtama wa kwao Mwanza. Darasa zima lilianguka kwa kicheko.

Raya humjui ana kwa ana. Ni binti wa Bi Mboni, fundi cherehani ambaye nyumba yake iko chini ya kilima hiki cha mawe ninakoishi mimi, hatua thelathini hivi. Bi Mboni ndiye aliyenipunguzia ile suti ya kaunda niliyoivaa kwenye ubatizo wa mtoto wa Luhende. Raya ni mwanawe wa pekee, ana miaka ishirini na mbili, mtundu wa maneno, mwepesi wa kushika. Alikuwa katika kundi la kwanza la wasichana sita lililoondoka mwishoni mwa Februari. Siku ile Bi Mboni alinishika mikono yote miwili pale uwanja wa ndege, akasema mwanawe anakwenda kwa watu lakini haendi akiwa bubu, kwa sababu yangu.

Samahani, nilisimama kidogo. Simu ilikuwa inaita. Ni Masele, mara ya sita tangu asubuhi. Utaelewa kwa nini ananitafuta.

Mwezi wa nne ikaja ile video ya Raya. Wewe mwenyewe uliiona. Nilikuletea kwenye simu yangu, tukakaa barazani, wewe katikati, Evelina upande huu na mimi upande ule. Ulimwona Raya amevaa sare ya buluu, nyuma yake mashuka meupe yamepangwa mpaka darini, anasema kwa Kiingereza kwamba ana furaha, kisha kwa Kituruki kwamba ana furaha na ameridhika sana. Uliniuliza anasema nini nikakutafsiria. Ulifuta macho kwa kanga ukasema kumbe mtoto wa mtu anaweza kwenda mbali hivyo na akawa salama. Wiki iliyofuata ukamruhusu Evelina ajiunge na kundi la pili. Familia nyingine saba nazo ziliona video ileile zikatoa mabinti zao. Hawa ndio wasichana wanane wanaosafiri Jumatatu.

Evelina alikuwa mwanafunzi wangu bora kupita hata Raya, na sisemi kwa sababu ni damu yetu. Yeye huuliza maswali. Nilipofundisha kwamba Mwingereza husema I couldn't be happier, yaani siwezi kufurahi zaidi ya hapa, alitaka kujua kama huko si kulalamika. Nikamcheka mbele ya wenzake. Siku nyingine, wengine wakiwa wameshatoka, alibaki nyuma akaniuliza Waturuki wanasemaje mtu akiwa hataki. Nikamwambia atakayekwenda na moyo mzuri hatalihitaji neno hilo. Akafunga daftari, akasema haya mjomba.

Sasa sikia la Alhamisi ya wiki iliyopita. Ilikuwa saa sita mchana, nasahihisha madaftari, ikaingia namba ya Uturuki. Sauti ya mwanamke ikaniuliza kwa Kituruki kama mimi ni Mwalimu Antoni. Alikuwa muuguzi wa hospitali. Alisema ana binti pale, hawana lugha ya kuelewana naye, na binti ameandika namba hii kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto, akiionyesha kwa kidole kwa kila anayeingia. Aliniomba nimtafsirie.

Mkono wa kulia wa Raya uliungua kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka. Haukuungua siku ile, dada. Uliungua siku kumi na moja kabla. Msimamizi alipomuuliza, Raya alimwonyesha mkono, kisha akasema yale aliyoyajua, kwamba ni mzima na ameridhika. Msimamizi akamfunga kitambaa akamrudisha kwenye mashine. Kidonda kikaoza. Homa ilipomwangusha ndipo wenzake wakambeba.

Muuguzi alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa inapita kwangu kwenda kwa Raya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa njia. Alisema hata kabla ya kuungua, mwezi wa tano, walipita watu wawili wa serikali wanaokagua maeneo ya kazi. Walimwita kila mfanyakazi peke yake wakamuuliza anaendeleaje. Katika karatasi zao kuna jina la Raya, na mbele yake wameandika kwamba ana furaha sana na hana shida. Sasa muuguzi alitaka kujua kwa nini binti aliwadanganya watu waliokuja kumsaidia.

Nikamuuliza Raya. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ni yeye. Alisema hakudanganya. Walimuuliza habari akajibu nzuri, kama mtu yeyote aliyelelewa. Dada, wewe unajua sisi tulivyo. Mtu akikusalimia, hata kama ndani kuna maiti, unajibu salama kwanza. Yeye atauliza tena, habari za nyumbani, habari za tangu juzi, na hapo ndipo unashusha pumzi na kusema ni nzuri, ila. Raya alitoa jibu la kwanza akakaa kuwasubiri waulize mara ya pili. Wale watu waliandika, wakamshukuru, wakamwita anayefuata. Aliinuka akawafuata mpaka mlangoni akitafuta neno la kuwarudisha, na kichwani mwake kulikuwa na maneno arobaini na yote yalikuwa ya furaha. Akayasema. Akawasemea hata lile la ndani yangu hapanitoshi, akitumaini watamwona uso. Nao wakacheka, wakampungia mkono.

Kisha akaniambia nimjibu muuguzi hivi: kwamba mwalimu wake hakumfundisha lingine.

Muuguzi akaniuliza amesema nini. Halafu nikatafsiri. Nilimwambia kwamba binti anasema hakuyajua maneno. Mwalimu nilimwacha nje. Nilimficha mwalimu mbele ya mwanafunzi wake, na yeye amelala pale na mkono umeoza, akinisikiliza na asijue nimesema nini. Muuguzi akanishukuru kwa wema wangu.

Juzi wamemkata vidole viwili. Mkono uliobaki wanasema utapona, na homa imeshuka. Muuguzi ananipigia kila mchana, ndiyo sababu siwezi kutoka nikaja Bujora mwenyewe. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba sina uso wa kukaa barazani kwako.

Maana bado sijakwambia, dada. Nimekuwa nikizungukazunguka tangu mwanzo wa barua hii, nikikutajia Masele alisema hivi na Masele alitaka vile. Masele hajui Kituruki. Hajui hata kusoma ile karatasi yangu ya manila. Alisema nifundishe furaha akaondoka zake. Katika daftari langu la masomo kulikuwa na somo la sita, mwili na maumivu: naumwa, nimechoka, nina njaa, nisaidieni, sitaki, nataka kurudi nyumbani. Nililiandaa mwenyewe. Mimi ndiye niliyelichana, kwa sababu niliona litalegeza darasa, na mgeni wa Masele akija kutukagua nilitaka akute vicheko tu. Hakuna aliyenishikia kisu.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Ile video uliyoiona haikuishia pale ilipoishia.

Raya aliituma kwangu kwanza, si kwa Masele. Baada ya kusema Kiingereza na Kituruki, kwa ajili ya msimamizi aliyekuwa amesimama karibu, aliendelea kwa Kiswahili, akitabasamu vilevile ili yule asishtuke. Alisema: ila mwalimu, mashine hii inaunguza watu, wenzangu wawili imeshawaunguza, na pasipoti zetu wametunyang'anya siku tuliyofika. Usimshtue mama. Niulizie tu kama naweza kurudi.

Niliyasikia yote, dada. Niliyasikia mwezi wa nne, nikiwa nimekaa kwenye kitanda hiki ninachokalia sasa. Nilimjibu Raya kwa maneno manne. Vumilia kidogo, mdogo wangu. Kisha nikaikata video pale kwenye ile ila, nikampelekea Masele kipande cha furaha, na kesho yake nikapanda gari nikakuletea wewe. Ulipolia kwa furaha nilikuwa nimekaa karibu yako na sehemu iliyobaki ilikuwa mfukoni mwangu.

Utataka kujua kwa nini. Nimejiuliza siku nane. Masele hakunitishia wala hakunihonga. Sababu yenyewe ni ndogo mpaka inaniaibisha: nilipenda kuitwa Mwalimu. Miaka yote tangu nirudi kutoka Konya nilikuwa Antoni aliyeshindwa, na sasa watu walikuwa wananisimamisha njiani kunisalimia. Kama Raya angerudi, darasa lingefungwa. Nikajiambia anatia chumvi, kwamba wasichana wakipata upweke huona kila kitu kibaya. Nikajiambia hivyo huku nikimwandikisha mtoto wako. Ndiyo, ni mimi niliyeandika jina la Evelina. Ile bahati uliyomshukuru Mungu kwayo kanisani ilikuwa mwandiko wangu.

Jana nilishuka kwa Bi Mboni nikamweleza yote, ana kwa ana. Alikuwa anashona sare za shule. Hakupiga kelele wala hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Alizima cherehani, akaniuliza ni vidole vipi. Nikamwambia. Akaniuliza kama ile sauti ya mwanawe ninayo bado. Nikampa simu, akaisikiliza mpaka mwisho mara tatu, akairudisha mkononi mwangu na kusema Jumatatu asubuhi tutakwenda polisi pamoja, na nitamsikilizisha afande mwenyewe, na nisipotokea atakuja kunitoa ndani kwa mikono yake. Nitatokea. Nitawaambia ya Masele, na yangu nitayasema bila kupunguza. Wakiamua kuniweka ndani, usihangaike kuleta chakula. Baki na binti yako.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini nikiwa wa kwanza, nikafungua kabati nikachukua pasipoti zote nane. Ndiyo maana simu haipumziki. Saba nitazipeleka mwenyewe leo na kesho, nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba nitawasikilizisha ile video nzima. Ya Evelina nimeifunga ndani ya bahasha hii.

Usiifiche, dada. Najua utataka kuitia chini ya godoro au ndani ya jiko la moto, na ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Mpe mkononi. Ana miaka ishirini na moja. Atakasirika, maana ameshaaga kijiji kizima na ameshonewa gauni. Huenda akasema wivu umenishika, huenda akasema yeye si Raya na atajihadhari. Mwache aseme. Mimi nilishamwamulia mara moja kwa kumficha neno, na wewe usimwamulie kwa kumficha karatasi. Akishasikia yote na bado akataka kwenda, hilo litakuwa lake. Ila asiende akidhani kuna mtu aliyemhakikishia.

Nisalimie wifi yako Suzana na watoto wake. Mwambie Luhende ile suti siihitaji tena, anaweza kuichukua. Nawe goti lipumzishe, wageni wajipikie hata siku moja. Wote waliobaki wape salamu zangu kwa majina yao.

Evelina usimpe salamu zangu. Mwambie aliuliza swali darasani na mjomba wake alikuwa na jibu. Neno ni istemiyorum. Maana yake sitaki. Na likisemwa mara moja linatosha.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Antoni Shigela